Halbadiri ya Baruti

Kazi yangu ni ukungwi. Nimewafunda wari wengi wa Bagamoyo, wa nyumba za mawe na wa nyumba za makuti, na kila niliyemfunda huniita somo mpaka leo, hata wale ambao sasa wana wajukuu na meno hawana. Nayasema haya mwanzo ili ijulikane kwamba hakuna nyumba ya mji ule ambayo sikuijua mpaka jikoni. Wanaume wana baraza zao na siri zao. Siri hizo zikilala na mtu, asubuhi mkewe huniletea mimi pamoja na kahawa.

Wakati ninaousimulia Wajerumani walikuwa hawajashuka na mizinga yao. Serikali ilikuwa ya Unguja, bendera nyekundu, na Bagamoyo ilijaa wapagazi, pembe na kelele. Baruti yote iliyoshushwa pwani iliwekwa katika ghala moja la serikali nje ya mji, upande wa mikoko, kwa kuogopa moto, na hakuna tajiri aliyeruhusiwa kuiweka nyumbani kwake. Msafara ukitaka kwenda bara, kiongozi wake alikwenda ghalani akakabidhiwa vipipa vyake vimekwisha fungwa na kupigwa lakiri, nta yenye muhuri wa serikali. Kuivunja lakiri kabla ya kuvuka mto Kingani lilikuwa kosa la kufungwa, maana serikali haikutaka watu wauziane baruti njiani.

Kaka yangu alikuwa kiongozi wa misafara hiyo. Mtu wa maneno machache, miguu mirefu, aliyezoea kula amesimama hata akiwa nyumbani, kama kwamba mzigo wake unamngoja mlangoni. Hawakubaki watoto wengine kwa mama yetu ila mimi na yeye. Mume wangu alikuwa amekwisha kufa, na nyumba yangu ilikuwa yake kila aliporudi.

Safari hiyo alirudi kabla ya wakati, na watu wachache kuliko aliotoka nao. Hakuja nyumbani kwanza. Alikwenda moja kwa moja kwa kadhi, vumbi la njia likiwa bado miguuni, amebeba mwenyewe kipipa kimoja cha baruti kilichobaki. Akamweleza kwamba walivamiwa na wanyang'anyi alfajiri, mbali huko ng'ambo ya mto, na watu wake wakainua bunduki zao za gumegume wakafyatua. Zikatoa cheche na moshi. Risasi hazikutoka. Wanyang'anyi wenyewe walisita kidogo kwa mshangao, kisha wakaingia na mikuki. Waliokufa walikufa wakiwa wameshika bunduki zilizojaa.

Kadhi wetu alikuwa mtu mwembamba mwenye kikohozi, asiyependa makelele, na ambaye hukumu zake watu walizikubali hata walioshindwa. Alitoka na kile kipipa mpaka uwanjani mbele ya msikiti, akaomba kigae. Desturi ya kupima baruti kila mtu wa pwani anaijua: unaweka baruti kidogo juu ya kigae, unagusa na kaa la moto. Baruti njema huruka mara moja na kigae hubaki safi. Ile ilikoroma, ikafuka, ikaacha uchafu mweusi kama masizi ya chungu. Ilikuwa unga wa makaa na mchanga mweusi, baruti yenyewe imetiwa kidogo ya kunukia tu.

Kesho yake kadhi akachukua mashahidi akaenda ghalani. Mtunza ghala alikuwepo, kijana wa heshima tu, mume wa mwari wangu mmoja. Kadhi akaagiza vivunjwe lakiri vipipa ambavyo havijatoka kabisa, akavipima vilevile kwa kigae na kaa, mbali na mlango. Vikafanya vilevile. Basi haikuwa tena kesi ya kaka yangu na mto na wanyang'anyi. Ilikuwa kesi ya nani amekula baruti ya serikali, na njema imeuzwa wapi. Mjini watu walikuwa na jibu: imepelekwa bandari za kaskazini, ikauzwa kwa yeyote mwenye pembe za kulipia, na huenda wanyang'anyi wale walikuwa wanunuzi. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja.

Juu ya mtunza ghala palikuwa na mkubwa mmoja wa serikali. Simtaji jina wala cheo. Wakubwa walikuwa wengi, kila mmoja na kilemba chake. Tulimwita Bwana Mkubwa na yeye akaitika. Alikuwa mtu wa kupendeza, hilo nalisema kwa haki. Alianza yeye kutoa salamu, alinukia vizuri, na akikutana na mtoto barabarani alimuuliza habari za baba yake. Kadhi alipotaka kumwita aeleze nani mwenye ruhusa ya kutoa baruti ghalani, ikaja amri kutoka Unguja.

Amri ile ilikuwa na adabu sana. Haikumwambia kadhi kwamba amekosea. Ilimshukuru kwa bidii yake, ikasema kwamba mambo ya baruti ni mambo ya ulinzi wa nchi na si ya mahakama ya sheria, basi aache. Siku ileile askari walivitoa vipipa vyote vilivyobaki ghalani, wakavipakia mashuani wakavitosa kilindini, eti kwa usalama wa mji. Yaani baruti isiyoweza kuwaka ilitoswa kwa kuogopwa isije ikawaka! Nilicheka mpaka nikajishika mbavu, kisha nikalia, maana kabla sijamaliza kucheka walikuja kumchukua kaka yangu.

Walimtia gerezani ngomeni. Hawakumpiga. Walimwambia kwamba atatoka saa yoyote apendayo, ila kwanza akiri mbele ya watu kwamba baruti ililowa wakati wa kuvuka Kingani kwa uzembe wake mwenyewe. Hayo tu.

Nilikwenda kwa kadhi. Nikapiga hodi kwa mlango wa wanawake, mkewe akanikaribisha, na kadhi akasema nami akiwa nyuma ya pazia, akikohoa.

"Nimenyang'anywa kesi, Bi Mkubwa," akasema. "Amri ina muhuri, na muhuri hauulizwi."

"Na vile vigae ulivyopima, shehe?"

"Vigae viko. Baruti ndiyo haipo. Nitamwonyesha nani masizi?"

Nikamwambia, "Basi kesi hii nitampelekea asiyeandikiwa barua."

Alinifahamu, maana hakuna mtu wa pwani ambaye asingefahamu. Kisha akasema taratibu, "Mimi leo masikio yangu yameziba kwa mafua. Sikusikia neno." Na mkewe akaniminya mkono kwa nguvu.

Nilikuwa nakusudia kusoma halbadiri. Kwa wasioijua, nitasema kwa ufupi: aliyedhulumiwa na asipate haki huwaalika wanavyuoni, wakafukiza ubani, wakasoma majina ya mashujaa wa Badri, na kumwomba Mungu amtie mkononi mwake mdhalimu, yeye na aliyemficha. Wote waliopo huitikia amin, hata washukiwa. Kabla ya kusoma hupigwa mbiu mji mzima, ili mwenye kujijua ajitokeze na asamehewe. Si jambo la mchezo. Ikisomwa kwa uongo humrudia aliyeomba isomwe, na wazee wetu wametuhadithia nyumba nzima zilizoteketea hivyo.

Kwa hiyo nilikwenda ngomeni kwanza na kikapu cha chakula, nikamkuta kaka yangu ameketi. Kumwona ameketi kuliniuma kuliko kuona mlango wenye kufuli.

"Dada," akasema, "nitakubali. Nimechoka. Nikikubali nitatoka."

"Ukikubali utatoka uende wapi? Nani atakufuata bara? Watoto wa wale waliokufa wakikuuliza, utawaambia uliwaua baba zao kwa kulowesha baruti?"

Nikamshika kidevu kama nilivyokuwa nikimshika utotoni alipokataa kunywa dawa.

"Sasa niambie mimi, si serikali. Vipipa viliingia maji? Hata kimoja? Nataka kusoma halbadiri, na ikiwa ni uongo mimi ndiye nitakayezikwa."

Akanitazama machoni. "Vilivuka vichwani mwa watu, na mimi nilikuwa ndani ya maji mbele yao. Wallahi havikupata hata tone."

"Basi kula," nikamwambia, "na kinywa chako usikifungue kwa lolote isipokuwa chakula hiki."

Jioni hiyo hiyo nilimlipa mpiga mbiu. Akapita mtaa kwa mtaa na pembe yake ya nyati, akitangaza kwamba Ijumaa asubuhi, uani kwangu, itasomwa halbadiri kwa baruti ya ghala la serikali, na mwenye kujijua ajitokeze mapema. Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo, na ile ililia ikafanya watu waache vyungu vyao motoni.

Bwana Mkubwa alimtuma mtu wake anikataze. Nikamwambia mjumbe, "Mwambie bwana wako nakuja kumwomba ruhusa. Aniandikie tu kwamba amekataza kusomwa majina ya mashujaa wa Badri Bagamoyo, nami nitawasomea watu maneno yake msikitini." Mjumbe akaenda na hakurudi na karatasi. Alirudi na mbuzi. Bwana Mkubwa alisema halbadiri ni jambo jema na yeye mwenyewe anachangia shughuli. Nilimpokea mbuzi kwa shukrani. Mbuzi hana kosa.

Siku hizo alifika kwangu mama mmoja kutoka upande wa Msata, Mkwere, mtu mzima, na miguu iliyopasuka. Alikuwa ameelekezwa na wapagazi waliosalimika. Mwanawe wa pekee alikuwa katika wale waliokufa. Aliniuliza kama hapa ndipo nyumbani kwa kiongozi wa msafara, na nilipomwambia ndipo, niliogopa kwamba amekuja kutulaani. Alikuja kuuliza tu. Alitaka kujua kama mwanawe alikimbia au alisimama. Nikamwambia neno la kaka yangu, kwamba alisimama na bunduki yake haikulia. Akatikisa kichwa, akaweka furushi lake chini, akauliza kinu kiko wapi. Akakaa nasi, akitwanga na kupepeta, bila kusema mengi. Hakuwa Mwislamu wala hakujua alifu, lakini nilipomweleza nini kitasomwa Ijumaa alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza mara mbili jinsi inavyofanya kazi.

Siku moja kabla ya Ijumaa, asubuhi jua likiwa halijawa kali, akaja mwari wangu, mke wa mtunza ghala. Mimba yake ilikuwa kubwa, na alikuwa amejifunika leso mbili kama mgonjwa wa homa.

"Shikamoo, somo."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umejifunika hivyo?"

"Somo, halbadiri humpata na mtoto aliye tumboni?"

Ningeweza kumwambia hapana. Nilimpenda msichana yule. Mimi ndiye niliyemshika mkono siku ya harusi yake. Lakini nilimkumbuka kaka yangu alivyoketi, na sikuwa tayari kuona huruma kwa nyumba moja tu. Nikamwambia lile tulilofundishwa: aliyedhulumu akijitokeza kabla haijasomwa husalimika, yeye na nyumba yake. Mficha uchi hazai. Akainuka hata kahawa hakunywa.

Baada ya sala ya alasiri mumewe alisimama msikitini, mbele ya watu wote, akakiri. Alisema yeye ndiye aliyechanganya makaa na mchanga, na yeye ndiye aliyepiga lakiri. Shetani alimpitia, akasema, na anaomba radhi. Watu wakapiga kelele, na kabla hajaulizwa la pili, mtu wa Bwana Mkubwa aliyekuwa safu ya mbele akasema kwa sauti nzuri, "Alhamdulillahi, ukweli umedhihiri. Tusimzidishie aibu." Kadhi alikuwepo. Aliniambia baadaye kwamba alifumbua kinywa kuuliza, akashikwa na kikohozi, na kilipomwachia mtunza ghala alikuwa amekwisha tolewa nje.

Magharibi kaka yangu alikuwa nyumbani. Bwana Mkubwa alimfungua mwenyewe, akamwambia pole, akatangaza kwamba kesho Ijumaa badala ya halbadiri tutasoma fatiha ya kufunga jambo, uani kwangu, na yeye atahudhuria. Kwa mila yetu aliyejitokeza husamehewa na habari ikafungwa, wala haifai tena mtu kuifukua. Aliijua mila hiyo vizuri. Serikali ilikuwa imemzuia kadhi kwa karatasi, na sasa ilikuwa inanizuia mimi kwa dini yangu.

Niliiona hila hiyo, lakini nilifurahi, sitaki kudanganya. Kaka yangu alikula wali wake amesimama, nami nikamtazama mpaka akaniuliza nina nini. Jina lake lilikuwa limesafika mji mzima. Nililolitaka nilikuwa nimelipata.

Mama wa Msata alikuwa anachagua mchele karibu na taa. "Limekwisha?" akaniuliza.

"Limekwisha, mama."

Akaendelea kuchagua mchele.

Ijumaa ua wangu ulijaa mpaka njiani. Wanaume kwenye mikeka, wanawake ukumbini nyuma ya pazia, ubani ukifuka. Bwana Mkubwa alikaa mbele, mkono wa kulia wa shehe aliyeongoza kisomo, viatu vyake amevivua vizuri mlangoni. Mtunza ghala alikaa karibu naye akitazama mkeka. Shehe akasema maneno ya msamaha, akanisifu mimi kwa subira, jambo ambalo lilizua kicheko kidogo nyuma ya pazia, kisha akainua mikono kwa ajili ya fatiha. Bwana Mkubwa akainua yake. Watu wote wakainua.

Mama wa Msata akafungua pazia akatoka.

Mwanamke wa mji asingethubutu. Mimi mwenyewe, na ulimi wangu huu, nisingethubutu. Alipita katikati ya wanaume akiinama kwa adabu, mkono mmoja mbele kama apitaye mbele ya wakubwa, akasimama pale ubani ulipokuwa.

"Shehe," akasema, "huyu dada amepata kaka yake. La kwake limekwisha. Mimi wangu hakurudi, na sijasomewa."

Shehe akashusha mikono. "Mama, aliyefanya amekiri na amesamehewa."

"Nimemsikia. Huyu alichanganya, nami nimemsamehe, ana mtoto njiani. Lakini hakuamka asubuhi akajiamulia. Nataka kumsomea aliyemwambia changanya."

"Unamjua jina?"

"Simjui. Huyo mnayemwomba si anamjua?"

Kisha kikohozi kikasikika safu ya pili, na kadhi akasema, "Ana haki, shehe. Mbiu ilipigwa kwa baruti, haikupigwa kwa mtu mmoja. Aliyefiwa akiomba isomwe, sheria haina pa kumzuia." Kadhi huyo alijua anasema nini na anamsemea nani. Haikupita muda mrefu wakamwondoa katika kazi yake, na hata siku alipokuja kuniaga hakuonyesha kujuta.

Shehe akageuka kwa wenzake, wakafungua vyuo vyao, vitabu vya majina yale. Kaka yangu, aliyekuwa mlangoni, akaingia akaketi kwenye mkeka, akakunja miguu kabisa. Nyuma ya pazia mwari wangu alinishika mkono, nami nikamwambia asiogope, yeye na wake wamekwisha samehewa. Nilikuwa na hakika, na hakika hiyo sijaipoteza.

Hapo ndipo Bwana Mkubwa alipokumbuka kwamba ana shughuli forodhani. Alisema hivyo kwa upole, akitabasamu, akiwaomba radhi waliokuwa karibu naye. Mtu wake akakimbilia viatu.

Shehe akangoja, kwa heshima ya cheo, mgeni atoke. Lakini mama wa Msata alimwangalia yule bwana, si kwa hasira, kama mtu anavyomwangalia mgeni ambaye hajala.

"Aketi tu," akasema. "Kama si yeye, itampita."

Uani hapakuwa na mtu aliyeinama wala kugeuza uso pembeni kwa adabu, kama tulivyozoea kwa wakubwa. Wote walimtazama, wapagazi, matajiri, wenye mashamba, na sisi wanawake tuliokuwa tumelisogeza pazia lote.

Hakuketi.